Kalamu Iliyochafua Kanzu



 

Wanafunzi wetu wanaopita mezani kwangu pale Feri, karibu na pantoni la Kigamboni, huniuliza kalamu hizi za mti zinatengenezwaje na mashine yake inapatikana wapi. Mhariri naye akaniomba niandike. Nimekubali, ila siwezi kueleza habari ya mashine nikaiacha aibu iliyonipata, kwa sababu vilikuja pamoja.

Nilikuwa nikiuza kalamu za plastiki na madaftari. Mwaka 2018 abiria mmoja alinionyesha kalamu ya mpingo aliyopewa zawadi. Nikaishika, nzito, baridi, nyeusi kama kaa. Nikajiambia, mti huu unatoka kwetu, Kilwa na Lindi, kwa nini nisiitengeneze mimi? Kukereza si jambo geni Pwani. Matendegu ya vitanda vya wazee wetu yalikerezwa, yaani mti unazungushwa na patasi inaukata mpaka uwe mviringo. Kalamu ni kazi hiyo hiyo, kwa udogo.

Unachukua kipande cha mti chenye unene wa kidole gumba, unakikata viwili, unatoboa kila kimoja kwa drili ya milimita 7, unatia kijibomba cha shaba ya njano kwa gundi. Kisha unavipachika kwenye ufito wa chuma wenye bushi, unakereza mpaka mti ulingane na bushi. Unapiga msasa, unapaka nta au vanishi, unasukumia vyuma vyake na mrija wa wino. (Hapa mjihadhari: vyuma vingi vya bei ya chini vinataka mrija mwembamba wa aina ya Cross, ambao Kariakoo unaweza kuutafuta mchana kutwa. Heri vile vinavyokubali mrija wa aina ya Parker.)

Sasa mashine. Nilikuwa na fedha nilizoweka kwa ajili ya kodi ya miezi sita. Mama watoto alisema, "Baba Salma, nenda kwanza ukawaulize wanaoijua." Sikwenda. Nilimpa kazi fundi wa kuchomelea, akaniundia mashine ya vyuma vya engo, beringi za pikipiki na mota ya pampu ya maji. Ilizunguka, nami nikafurahi kama mtoto.

Mpingo wa kwanza ulipasuka. Wa pili ukapasuka. Mpingo ni mgumu, ukiutoboa kwa pupa unapata moto na kufanya ufa. Juu ya hayo, mashine yangu ilitikisika, na ncha zake mbili, ya upande wa mota na ya upande wa pili, hazikukutana. Zilipishana karibu milimita tatu. Ufito ukawa unayumba, na mti unatoka mnene upande mmoja. Kodi imekaribia, na vipande vya mpingo nilivyonunua kwa wachongaji wa Mwenge vimekwisha.

Msonobari ni mlaini, hata mashine mbovu inauweza. Nikakereza msonobari, nikaupaka rangi nyeusi ya viatu, nikausugua mpaka ukang'aa. Mezani nikaandika: KALAMU ZA MPINGO. Niliuza 14.

Mzee mmoja, nahodha mstaafu, alinunua ya kwenda nayo Ijumaa. Jumamosi alikuja na kanzu imekunjwa kwenye mfuko. Akaitandaza mezani. Mfuko wa kifuani ulikuwa na doa jeusi refu. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwanangu, nilinunua kalamu niandike. Imeniandika mimi." Watu wa samaki waliokuwa karibu walicheka, mimi nikatamani pantoni linichukue lisinirudishe.

Nilimrudishia fedha zake na gharama ya kanzu. Kisha nikaanza kuwatafuta wengine, wengi wao wavukaji wa kila siku. Kumi niliwapata, wakarudishiwa. Watatu walikuwa wageni, sikuwajua kwa jina wala kwa mtaa. Nikamwendea Maalim. Aliniambia fedha zao nizitoe sadaka kwa niaba yao, na nikimwona mmoja wao siku yoyote nimweleze, akizitaka nimlipe. Kodi tulikopa kwa shemeji, na nyumbani maneno yalikuwa machache kwa muda mrefu.

Ndipo nikaenda Keko kwa mkerezaji wa miguu ya meza, mahali nilipotakiwa kwenda mwanzo. Alinifundisha kununua kwa mikono. Sogeza ncha mbili zikutane: zikipishana, iache. Shika kichwa kinachozunguka ukitikise: kikicheza, beringi zimekwisha. Soma kibao cha mota: hapa kwetu umeme wa nyumbani ni volti 230, na mashine za mitumba kutoka Japani huwa za volti 100, huwezi kuichomeka hivi hivi. Ya fezi tatu nayo si ya chumba cha kupanga. Kwa kalamu huhitaji mashine ndefu, ila iwe ya chuma kizito cha kusubu, isiyorukaruka, yenye kubadili mwendo na kufika mizunguko 2,000 au 3,000 kwa dakika. Tundu lake la mchongoko liwe namba 2, maana ufito wa kalamu wa saizi hiyo unapatikana kwa urahisi. Na uweke akiba ya bobari moja nzuri, jiwe la kunolea na miwani ya kukinga macho. Nilizunguka Gerezani na Kariakoo miezi minne kabla ya kulipa, na niliyoichukua hatimaye ilikuwa ndogo kuliko zote nilizoziona.

Mpingo inaukata, polepole, drili ikitolewa kila mara ipoe. Vumbi lake linawasha, funikeni pua. Na wanafunzi wanaokuja kutazama baada ya Alasiri wavue kanzu kwanza, mikono mipana ikinaswa haitaki mzaha.

Katika wale watatu, mmoja alishuka kwenye pantoni mwaka 2021. Nilimkimbilia, nikamweleza. Kalamu yenyewe alikwisha kuipoteza zamani. Alizipokea fedha zake, akazihesabu, akauliza hizi za sasa ni bei gani, kisha akaomba maji kwenye kikombe atumbukize kipande cha mti aone kama kinazama. Kilizama. Wawili bado nawatazamia.