Mama Wakili na kadaftari ka mlinzi wa usiku

Katika kambi ya Kanyaruchinya, mwezi wa 12 mwaka 2022, mama mmoja mjane alichovya dole gumba katika wino, akaligandamiza kwenye karatasi iliyolazwa juu ya bidoni ya maji. Wakili aliyemletea karatasi hiyo aliipuliza mpaka ikakauka, akaitia ndani ya bahasha, akapanda pikipiki kurudi Goma. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Wakaaji wengi wa mji wanamfahamu wakili huyo kwa jina la Mama Wakili. Wengine humwita Mama wa Dosye, kwani hatembei bila mfuko wa karatasi. Mwenyewe hapendi jina lake litangazwe, kwa sababu wateja wake wanadai watu wenye nguvu kuliko wao. Kazi yake ni moja: kutetea kwenye korti ya rufaa watu walionyimwa haki zao za kazi, yaani pensheni, posho ya familia, siku za likizo zisizolipwa, na ile hesabu ya mwisho ambayo wafanyakazi wanaiita dekonti finali.

Baba yake alikuwa dereva wa lori la kahawa kwa miaka 22. Siku aliposimamishwa kazi alirudi nyumbani na saa ya ukutani, mfuko wa mchele na maneno ya shukrani. Jirani walikuja kumpongeza. Hakuna aliyeuliza kuhusu hesabu ya mwisho, hata baba mwenyewe hakuuliza. Alidhani kwamba kile anachopewa mfanyakazi wakati wa kuondoka ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Binti yake alikuwa anamaliza shule ya sekondari. Saa ile ilisimama baada ya miaka miwili, na ada ya masomo yake ililipwa na mama yake aliyeuza mkaa.

Alisoma sheria miaka mitano, akafanya mafunzo ya uwakili miaka miwili chini ya wakili mkubwa, kama kanuni inavyotaka, ndipo akaandikwa katika orodha ya mawakili wa korti ya rufaa. Ni katika ile miaka miwili ya mafunzo ndipo alipopata kidonda ambacho mpaka leo hakijapona.

Papa mmoja, mpishi wa zamani, alikuwa ameshindwa kwenye tribunali ya kazi. Hukumu ilimfikia ikiwa imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo hasomi. Aliiweka chini ya godoro, akingoja mjukuu wake arudi kutoka shule ya mbali amsomee. Mjukuu alipofika, siku zilikuwa zimekwenda. Sheria inatoa siku 30 za kukata rufaa, kuanzia siku ambayo hukumu imemfikia mtu kwa njia rasmi. Rufaa ya Papa iliingia kwa karani wa korti siku ya 33.

Wakili kijana alikuwa ameandaa kurasa 11 kuhusu miaka ambayo Papa alipikia familia ile. Hakuna ukurasa hata mmoja uliosomwa. Korti haikusema kwamba mzee anadanganya, wala haikusema kwamba mwajiri wake ana haki. Ilisema tu kwamba amechelewa. Nje ya jengo, Papa alimwuliza: “Binti yangu, wamesema nini kuhusu kazi yangu?” Alikosa jibu. Kuhusu kazi yake hawakusema neno.

Tangu hapo alichagua upande huo wa sheria. Wenzake wengi wanashughulikia kesi za viwanja, maana Goma haiishi ugomvi wa parsele na wateja wake wana pesa. Walimcheka, wakaziita kesi zake kesi za njaa. Hakukosea aliyesema hivyo. Wateja wake hulipa kidogo kidogo, na wako waliomlipa kwa maharagi.

Jambo analolirudia kwa kila mteja ni lile ambalo baba yake hakuambiwa: haki za kazi si zawadi. Ni sehemu ya mshahara ambayo mtu amekwisha kuifanyia kazi, ila malipo yake yanangoja siku ya ugonjwa, ya uzee au ya kifo. Sheria ya kazi ya tarehe 16/10/2002 imeweka hesabu zake wazi. Kwa mfano, mwajiri anayemwondoa mtu mwenye mkataba usio na mwisho anapaswa kumpa taarifa ya siku 14 za kazi angalau, na kuongeza siku saba kwa kila mwaka mzima aliotumika. Aliyefanya kazi miaka 10 ana haki ya siku 84. Akiondolewa bila sababu ya halali na asirudishwe kazini, korti inaweza kumpa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Haki hizo zote zina saa inayohesabu. Madai ya mshahara hufa baada ya mwaka mmoja, na madai mengine mengi ya mkataba wa kazi hufa baada ya miaka mitatu.

Kabla ya kufika kwa hakimu, mtu hupita kwanza kwa mkaguzi wa kazi ili pande mbili zijaribu kupatana. Bila hatua hiyo tribunali haipokei kesi. Wasipopatana, mkaguzi huandika hivyo, na karatasi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa tribunali. Pale hakimu huketi na wasaidizi wawili, mmoja wa upande wa waajiri na mmoja wa upande wa wafanyakazi. Anayeshindwa huenda kwenye korti ya rufaa, mbele ya majaji watatu. Huko hakuna kuanzisha madai mapya. Lakini ushahidi mpya unaweza kuletwa juu ya madai yaleyale, na hapo ndipo Mama Wakili anapofanyia kazi yake.

Mume wa yule mama wa Kanyaruchinya alikuwa mlinzi wa usiku kwenye depo ya kampuni moja ya Goma. Alilinda miaka 18. Familia ilibaki kijijini upande wa Kibumba, ikilima viazi na kabichi, naye alikuwa akipanda kuwaona mwisho wa mwezi. Alikufa kwa ugonjwa mwaka 2020. Kampuni ilitoa sanduku na gari la kubeba maiti, kisha ikanyamaza. Mjane alipoenda kuuliza, aliambiwa marehemu hakuwa mfanyakazi wa kampuni. Alikuwa kibarua wa siku, leo yupo kesho hayupo. Hakuna mkataba ulioandikwa.

Kwa mkaguzi wa kazi hawakupatana. Kwenye tribunali mjane alishindwa, kwa sababu hakuleta kitu cha kuonyesha kwamba kazi ilikuwa ya mfululizo. Hukumu ilifika rasmi mwezi wa 11 mwaka 2022, na siku 30 zikaanza kuhesabiwa. Wiki hizohizo mapigano yalisogea Kibumba. Watu walikimbia kwa maelfu kuelekea Goma, na mama huyo alikuwa kati yao. Simu yake haikupatikana tena.

Wakili hawezi kukata rufaa kwa mdomo wake tu. Anahitaji barua maalumu ambayo mteja ametia sahihi au dole gumba, kumruhusu kukata rufaa dhidi ya hukumu ile. Bila mama, hakuna barua, na bila barua, hakuna rufaa. Mama Wakili alizunguka kambini siku tatu akiuliza. Kati ya mabache yale yote, kumtafuta mjane mmoja kutoka Kibumba ni sawa na kutafuta jiwe fulani katika uwanja wa lava.

Ndipo alipoenda redioni. Tangazo lilisomwa asubuhi na jioni, bila kutaja jina la kampuni: mjane wa mlinzi wa usiku, mama wa watoto watano, anayejua kwamba ana dosye kwa wakili, afike kwa kiongozi wa kambi. Siku ya 24, jirani yake wa hema alilisikia akiwa kwenye foleni ya maji, akamkimbilia.

“Mama, wakati wa kukimbia umebeba nini?” wakili alimwuliza, baada ya dole gumba kukauka.

“Nimebeba mtoto, sufuria, na mfuko wa marehemu.”

Katika mfuko huo mlikuwa na kadi za ubatizo za watoto, vikaratasi viwili vya mshahara, na kadaftari kenye jalada la bluu lililolowa mvua. Mama hakujua kusoma kilichoandikwa humo. Alikabeba kwa sababu ni mwandiko wa mume wake.

Marehemu alikuwa na tabia ya kuandika zamu zake. Tarehe, saa ya kuingia, namba za malori yaliyofika usiku, saa ya kutoka. Kurasa nyingi zilikuwa zimeshikana kwa maji, lakini miezi miwili ilisomeka vizuri: mwezi wa tatu na wa nne mwaka 2019. Mama Wakili alihesabu zamu mara mbili kwa mwanga wa simu. Zilikuwa 51.

Sheria haidai mtu aonyeshe miaka 18 ya madaftari. Kifungu cha 40 kinasema kwamba kibarua wa siku aliyekwisha kutimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Tena mfanyakazi asiye na mkataba wa maandishi anaruhusiwa kuthibitisha kazi yake kwa kila njia ya halali. Na vile vikaratasi viwili vya mshahara vilikuwa na mstari wa kikatwa cha INSS, jina la zamani la CNSS. Kama marehemu hakuwa mfanyakazi wa kampuni, alikatwa pesa ya pensheni kwa sababu gani?

Rufaa iliingia kwa karani siku ya 27. Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Wakili wa kampuni alisema kadaftari kangeweza kuandikwa na mtu yeyote. Mama Wakili aliomba namba za malori zilinganishwe na kitabu cha depo. Kitabu kililetwa baada ya kuahirishwa mara mbili, na namba zilikubaliana. Jaji mmoja alisoma kwa sauti maneno ya usiku mmoja wa mwezi wa nne: “Mvua kubwa. Lori halikuja. Nimelinda.” Mjane, aliyekuwa ameketi nyuma, alisikia kwa mara ya kwanza kilichokuwa ndani ya mfuko alioubeba.

Korti ilifuta hukumu ya kwanza. Ilisema marehemu alikuwa mfanyakazi wa kudumu, ikaagiza kampuni ilipe hesabu ya mwisho kwa warithi na kumtangaza marehemu kwa CNSS kwa miaka iliyofichwa. Si yote yaliyokubaliwa. Sehemu ya mishahara ya zamani ilikuwa imepita mwaka wake mmoja, ikaanguka. Kampuni ililipa kwa awamu nne katika mwaka 2024. Awamu ya kwanza ilipofika, mtoto wa kwanza alikuwa amekwisha kuacha shule ili abebe mizigo sokoni. Wadogo zake wanne walirudi darasani.

Pensheni ya mjane yenyewe haijatoka. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025 vita viliingia Goma, korti zikasimama, na mwezi wa pili kambi zikabomolewa. Mama alirudi upande wa Kibumba kwa miguu, mfuko kifuani. Safari hii hakuwa na hofu kubwa kama ya kwanza, kwani kila karatasi ilikuwa imepigwa picha na kuwekwa katika simu tatu za watu watatu.

Mama Wakili bado yuko. Watu humfuata nyumbani, na wengi hawajafukuzwa kazi na mwajiri bali na vita. Kwa kila mmoja anatoa mashauri yaleyale. Karatasi ya korti ikikufikia, andika juu yake tarehe uliyoipokea, kisha mpelekee siku hiyohiyo mtu anayesoma Kifaransa. Vikaratasi vya mshahara, kadi ya kazi, cheti cha kifo na cha ndoa vikae pamoja na vitambulisho, mahali ambapo mkono unafika gizani. Vipige picha, umtumie ndugu aliye mji mwingine. Ukibadilisha kambi au simu, mjulishe wakili wako. Na kama kazi yako ni ya kibarua, andika siku zako, hata kwa kalamu ya mtoto.

Yule kijana wa kwanza wa mjane sasa anapakia mbao kwa mwajiri mmoja anayemwita asubuhi kwa asubuhi, bila mkataba. Amejinunulia kadaftari ka franka chache. Wiki iliyopita alimtumia Mama Wakili picha ya ukurasa, pamoja na ujumbe mfupi: “Shikamoo Mama. Hii ni miezi miwili haijaisha. Nimefika siku ya 19.”