Siku Tuliyoingia Uwanja wa Ushirika

Akina mama wenzetu, ni mara ngapi tumepita karibu na Uwanja wa Ushirika pale Moshi? Tumepita tukienda kuuza ndizi, tukienda kumwona mgonjwa, tukienda kununua sare za shule. Sisi wanne wa kikundi cha akina mama huku Marangu tulikuwa tumepita miaka yote bila hata mmoja wetu kuingia. Mpira ni wa wanaume, ndivyo tulivyosema. Sehemu yetu ilikuwa kufua jezi zinaporudi na tope.

Mwishoni mwa mwaka 2019 usharika wetu ulipata mgeni, mama mtu mzima kutoka Dortmund, Ujerumani. Wageni wa kutoka huko si wageni sana kwetu, kwani wamisionari wa Leipzig walifika mlimani hapa tangu mwaka 1893. Tulimpeleka kuona maporomoko ya Kinukamori, tukamwonyesha mfongo unaopeleka maji vihambani, tukampikia mtori. Alifurahia yote. Kisha akatuuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Jumamosi kuna mechi Moshi?"

Tulitazamana. Mechi ilikuwapo, maana mwaka ule timu ya Polisi Tanzania ilikuwa imepanda Ligi Kuu na ilichezea Ushirika. Lakini nani wa kumpeleka? Baba wa nyumba alikokuwa analala mgeni alikuwa safarini. Tukasema, basi, twende sisi.

Jumamosi tulipika mapema, tukawaachia watoto chakula, tukapanda Hiace pale Marangu Mtoni. Safari ni kama kilomita 40. Gari huteremka kati ya migomba na kahawa hadi Himo, ambako joto hukupokea usoni na kijani cha mlimani hubaki nyuma. Kisha Uchira, kisha Kiboriloni, na mji ndio huo. Mgeni wetu alivaa skafu ya timu ya kwao, ya njano na nyeusi. Vijana wa stendi walipoiona wakashangilia, "Yanga! Yanga!" Naye akawapungia mkono bila kujua anashangiliwa kwa nini.

Kweli tuliogopa. Tulikuwa tumesikia habari za kusukumana na matusi. Pale mlangoni tulikuta foleni, vuvuzela na vumbi, tukashikana mikono kama watoto wa shule. Ndani tukaona mambo ambayo hatukuyatarajia. Akina mama walikuwa wakiuza karanga na mayai ya kuchemsha. Baba mmoja alimbeba mtoto wake mabegani. Vijana wawili walitupa shikamoo, wakainuka kutupisha tukae. Matusi yalikuwapo, hatufichi. Lakini mzee mmoja aligeuka akasema, "Hamwoni mama zenu wamekaa hapa?" Upande ule ukatulia kwa muda mrefu.

Mgeni alitueleza kwamba uwanja wa Dortmund huchukua watu zaidi ya 80,000, na kwamba upande mmoja peke yake husimama watu kama 25,000, wakiimba tangu mwanzo hadi mwisho. Mashabiki wengi hutoka miji ya mbali kwa treni, wazee, wanawake na wajukuu pamoja. Tukamuuliza, "Na wewe ulicheza?"

Hapo ndipo alipotupa habari ambayo hatujaisahau. Mwaka 1955 chama cha mpira cha Ujerumani Magharibi kilivikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja. Kilisema mchezo huo unaharibu mwili na roho ya mwanamke. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1970, yeye akiwa na miaka 12. Kaka zake walikuwa na klabu. Yeye alicheza uani mpaka mama yake alipomwita ndani. Mwaka 1989 wanawake wa nchi yake walipochukua ubingwa wa Ulaya, zawadi waliyopewa na chama chao ilikuwa seti ya vyombo vya kahawa! Tulicheka sana. Halafu akasema kwamba wanawake hao hao wa Ujerumani walitwaa Kombe la Dunia mwaka 2003 na tena mwaka 2007.

Mmoja wetu hakucheka. Sisi wengine tulijua sababu. Mwezi uliotangulia alikuwa ameukata kwa kisu mpira wa binti yake wa miaka 13, akisema msichana wa Kikristo hakimbizani na wavulana. Tangu siku ile mtoto alikuwa akijibu ndiyo na hapana tu.

Jioni mawingu yalifunguka na Kibo ikaonekana nyeupe juu ya mji. Tulirudi kabla giza halijaingia. Wanaume walituuliza matokeo. Tulipowaambia, wakaanza kubishana juu ya refa kana kwamba wao ndio waliokuwako.

Kesho yake mwenzetu alikata jani la sale mpakani mwa kihamba. Mnajua kwetu Wachaga jani hilo ni la kuombea msamaha, na kwa kawaida mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Yeye, mama mzima, alimpelekea binti yake. Mtoto alilipokea kwa mikono miwili, akanyamaza, kisha akauliza, "Na mpira, mama?" Jumatatu yake wakateremka wote wawili hadi soko la Memorial, wakanunua mwingine.

Tangu hapo tumewaona Twiga Stars wakicheza fainali za Afrika nchini Morocco mwaka 2025, kama walivyofika fainali hizo mwaka 2010. Simba Queens nao walishika nafasi ya nne Afrika mwaka 2022. Wote hao ni mabinti wa akina mama kama sisi.

Hatusemi kila mtoto wa kike acheze mpira, wala kwamba masomo yaachwe. Tunasema tuone kwanza, ndipo tukataze au turuhusu. Mama mwenzangu, mwanao akiomba kwenda uwanjani, nenda naye siku moja. Chagua mechi ya mchana, kaeni karibu na familia nyingine, patana naye mahali pa kukutana mkipotezana, na uweke kando nauli ya kurudi. Ukifika Ushirika, angalia jukwaani. Huenda na sisi tupo.