Nani Mwenyeji

Kifaa changu kilikuwa na tundu moja tu la USB, na hilo ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nakitengeneza kwa ajili ya tasnifu ya uzamili: kisanduku cha kukaa juu ya friji ya chanjo na kurekodi joto lake mchana na usiku. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye zahanati niliyokuwa nikienda, nesi alikuwa anaandika joto kwa kalamu asubuhi na jioni, kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nesi achomeke flashi, kifaa kimnakilie rekodi zote, achomoe. Fundi akija na laptopu, achomeke kebo kwenye tundu lilelile na kubadilisha mipangilio.

Tatizo ni kwamba kwenye USB hakuna usawa. Tangu ilipotoka mwaka 1996, upande mmoja ni mwenyeji na mwingine ni mgeni. Mwenyeji ndiye anayetoa umeme wa volti 5, na ndiye anayeanzisha kila mazungumzo. Mgeni husubiri aulizwe ndipo ajibu. Laptopu ni mwenyeji, flashi ni mgeni, basi. Ukiitazama kebo ya printa utaona ncha zake hazifanani. Zilifanywa hivyo makusudi ili watu tusije tukaunganisha wenyeji wawili. Mwaka 2001 yakaongezwa maelezo yanayoitwa On-The-Go, kwa ajili ya vifaa vinavyotaka kuwa huku na huku. Kiunganishi kidogo kikapata kazi kwa pini yake ya nne. Kebo ikiiunganisha pini hiyo na graundi, kifaa kinaelewa kwamba sasa chenyewe ndicho mwenyeji. Pini ikiachwa inaelea, kifaa ni mgeni.

Cha kwangu kilijua yote hayo. Ukianza na flashi, sawa. Ukianza na laptopu, sawa. Laptopu kisha flashi, sawa. Lakini flashi kisha laptopu: kimya. Laptopu haikioni kabisa, kama vile umechomeka kebo ukutani, mpaka ukizime na kukiwasha upya. Nesi alikijaribu siku mbili akarudi kwenye karatasi yake. Aliniambia kwa upole tu, "Dada, karatasi haigomi." Nilikuwa na wiki tatu kabla ya kumwonyesha msimamizi wangu kitu kinachofanya kazi.

Katika wiki hizo tatu ndipo mama alipokuja kutoka Singida kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Naishi Sinza, chumba kimoja na kijikoni cha pembeni ambacho watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke. Mama alishuka na dumu la mafuta ya alizeti, asali, na begi lenye nguo chache kuliko mboga za kukausha. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea. Nilinunua shuka mpya, nikahamisha waya na bodi zangu kutoka kitandani kwenda sakafuni. Asubuhi ya kwanza niliamka saa kumi na mbili nikakuta chai iko mezani, chumba kimefagiliwa, na waya zangu zimekunjwa vizuri kama soksi.

Baada ya upasuaji daktari alituambia wote wawili: asiiname, asibebe kitu kizito, akae mbali na moshi na vumbi. Mama aliitikia kila neno. Kesho yake nikamkuta ameinama na fagio, kiraka jichoni.

Mchana nilikuwa maabara. Usiku nilikaa sakafuni na kifaa. Nikafanya kile ambacho kila mwandishi wa programu hukifanya akikwama: nikaijaza draiva maneno. Kila hatua iandike mstari. Pini imebadilika. Nazima umeme. Nasoma umeme. Nimekuwa mgeni. Mistari kama sabini, yote ikipitia kebo ya polepole hadi kwenye kioo changu. Nikachomeka flashi, nikachomoa, nikachomeka laptopu.

Ikakubali. Nikarudia mara kumi. Ikakubali mara kumi.

Nikaitoa ile mistari. Ikagoma.

Nani atakuelewa ukimwambia mashine yako inafanya kazi ukiwa unaitazama tu? Ndivyo nilivyokuwa usiku huo, saa tano na nusu, niliposikia sufuria ikigonga. Mama alikuwa kijikoni, ameinamia ndoo ya maji.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Maji ya kuogea tu, mwanangu. Kesho unawahi."

"Nitachota mwenyewe."

"Sasa mimi nifanye nini humu ndani?"

"Ukae," nikasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Wewe ni mgeni."

Akaiweka sufuria chini taratibu. "Kwa mwanangu nimekuwa mgeni," akasema. Hakuniuliza. Akaenda kulala akatazama ukuta.

Sikulala vizuri. Nilisikia kwamba na yeye halali. Kuomba radhi kulinishinda, kwa hiyo nikafanya kitu cha kijinga ambacho nadhani wengi wetu tunakifanya: nikafikiria kazi. Mistari sabini. Kwa kasi ile ya herufi elfu kumi na moja na kitu kwa sekunde, mstari mmoja unakula kama milisekunde saba. Sabini ni nusu sekunde. Mistari haikuwa inatibu kitu chochote. Ilikuwa inachelewesha.

Asubuhi niliwahi maabara nikaunganisha osiloskopu kwenye waya wa umeme. Nikachomoa flashi. Draiva ilizima volti 5 papo hapo, lakini waya haukuzimika. Volti zilishuka pole kama maji kwenye sinki lililoziba, nusu sekunde nzima. Draiva iliusoma waya katikati ya mteremko ule, ikaona umeme, ikadhani laptopu imefika. Ikajitambulisha kwa mwenyeji ambaye hayupo, ikakaa inasubiri kuulizwa. Laptopu ya kweli ilipokuja, haikuwa habari mpya. Kifaa kilikuwa kimeshikilia umeme wake chenyewe kikadhani ni wa mtu mwingine.

Kosa lilikuwa langu mara mbili. Kwanza, nilisoma kwamba mwenyeji wa USB anatakiwa awe na kapasita isiyopungua maikrofaradi 120, nikaweka ya 220 ili nisibanwe. Sikufika ukurasa unaosema kwamba kifaa cha pande mbili kiwe kati ya 1 na 6.5. Pili, na hili liliniuma zaidi: volti zilipokwisha, taarifa ilitumwa. Draiva iliambiwa kwamba umeme hakuna. Ila mimi nilikuwa nimeiamuru, miezi mitatu nyuma, isisikilize chochote kwa sekunde moja baada ya kubadilika. Chuma kikigusa chuma hakitulii mara moja, hugusa kikaruka kikagusa tena, na nilitaka kukwepa kelele hizo. Draiva ya kawaida ya Linux inayosoma pini ya aina hii husubiri milisekunde 20. Mimi niliweka 1000, nikasahau.

Nikang'oa kapasita, nikaweka ya 4.7. Nikaandika mistari miwili: ile subira ipungue, na ikiisha, usome waya upya kabla ya kuamini chochote.

Jioni nilirudi na mchicha na dagaa. Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, chumba hakijafagiliwa. Kukaa kwake kulinitisha kuliko kuinama kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamwekea kiti kijikoni, kile cha plastiki, mgongo kwenye dirisha. Nikampa ungo, kisu na mchicha, vitu vya kufanya bila kuinama. Nikasema, "Mama, mimi mchicha nauunguza kila siku. Niambie unavyofanya." Akanitazama kwa jicho moja kwa muda.

"Unauosha kwanza?" akauliza.

"Naukata kwanza."

"Ndiyo maana," akasema, akavuta ungo.

Baada ya hapo nilikaa sakafuni na kifaa na daftari. Flashi, chomoa, laptopu, weka alama. Nilitaka mara hamsini bila kukosea. Kwenye ya thelathini na moja mama akaniita kwamba ugali unapoa. Nikaenda nikala, nikaosha vyombo, nikarudi kwenye ya thelathini na mbili.