Yeo Hatwendi

Tangu niweke zile picha za Kiwayu, swali ninaloulizwa ni moja tu: ni ngapi? Hakuna anayeuliza tulilala wapi, wala choo kilikuwaje (na hilo la choo, kwa maoni yangu, ndilo lingefaa kutangulia). Ni ngapi tu, kisha emoji ya macho. Nami hujibu kwa swali: unataka kwenda mwezi gani? Hapo mtu ananuna kidogo, anadhani namzungusha kama keyateka wa Roysambu.

Simzungushi. Safari ya mashua haina bei kabla haijawa na mwezi.

Sisi wenyewe hatukuanza na Lamu. Mwenzetu mmoja, tuliyemfanya mwekahazina kwa sababu ndiye pekee kati yetu sita aliye na akaunti ya akiba, alileta kwenye kikundi cha WhatsApp picha za katamarani nyeupe za Shelisheli. Bei ilikuwa kwa yuro, kwa wiki, bila nahodha, bila mafuta, bila chakula. Ukitaka kuiendesha mwenyewe, wanadai cheti cha ubaharia. Kikundi kilinyamaza siku mbili. Kisha mtu akaandika: "Na Lamu je?"

Basi, miezi. Pwani yetu inaishi kwa pepo mbili. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, ikitoka kaskazini-mashariki. Kusi huingia Aprili pamoja na mvua ya masika, hupata nguvu katikati ya mwaka, kisha hulegea polepole kuelekea Septemba na Oktoba, kipindi ambacho wenyewe hukiita demani. Usiyachukulie haya kama jiografia ya darasa la sita. Kutoka Lamu kwenda Kiwayu unaelekea kaskazini-mashariki. Ukienda wakati wa kusi, upepo unakusukuma mgongoni kwenda, halafu kurudi unaukabili uso kwa uso. Tanga haliwezi kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo, kwa hivyo mnapiga bisho: mnakata huku, mnageuza, mnakata kule, na mnazi uliouona saa tatu asubuhi bado unauona saa sita. Wakati wa kaskazi ni kinyume, taabu mnaimaliza mkienda. Sisi watu wa bara tunapanga likizo kana kwamba kwenda na kurudi ni umbali mmoja. Kama una siku ya lazima ya kuripoti kazini, chagua Januari au Februari. Sisi tulienda mwisho wa Agosti kwa sababu ndipo likizo sita zilipokubaliana, na nahodha alituambia mapema, kabla hatujalipa hata shilingi, kwamba kurudi kutakuwa na kazi.

Baada ya mwezi, uliza mwezi ule wa angani. Ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; hiyo ni bamvua. Ukiwa nusu, maji hayaendi mbali. Hayo ni maji mafu. Kila siku saa za maji kujaa zinasogea mbele karibu dakika hamsini. Kuna sababu ya kujisumbua na hesabu hii. Njia ya ndani ya kwenda Pate na Kiwayu hupitia Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko pande zote mbili. Maji yakipwa, Mkanda huwa matope. Chombo hakipiti, hata uwe umelipa mara mbili. Kwa hiyo usimwambie nahodha "tutoke saa mbili baada ya chai". Muulize maji yanajaa saa ngapi, kisha uweke kengele ya simu. Sisi tulitoka saa kumi na moja alfajiri na giza, mtu mmoja amevaa viatu vya mwenzake.

Sasa pesa. Ukishuka tu gatini Lamu, au hata ukiwa bado kwenye boti ya kutoka Mokowe, atakuja kijana mcheshi mwenye albamu ya picha kwenye simu. Si mtu mbaya, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini yeye ni dalali, na fungu lake liko ndani ya bei utakayotajiwa. Mwombe akupeleke kwa nahodha mwenyewe, kisha omba kukiona chombo kikiwa majini. Angalia kina maji kiasi gani ngamani, tanga lina viraka vingapi, jaketi za kuokoa maisha ni ngapi. Zihesabu. Vaa moja, ufunge mikanda yake yote. Ukiona haya kufanya hivyo mbele ya wanaume waliozaliwa baharini, ona haya tu, ila funga.

Mimi kwa hili sina mzaha. Mama aliishi Likoni miaka ya tisini. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, na zaidi ya watu 270 wakafa, miongoni mwao alikuwemo jirani aliyekuwa akimsuka nywele. Kwetu hakuna anayejua kuogelea, kwa sababu Mama hakutaka tuyazoee maji. Nilipomwambia naenda Lamu kulala kwenye mashua alinyamaza, halafu akauliza jina la nahodha. Si hoteli, si bei. Jina la nahodha. Nikampa pamoja na nambari yake, wakaongea dakika kumi na mbili. Sijui walisema nini.

Tulilipa elfu sitini kwa siku nne, watu sita, chakula ndani. Nahodha hakuficha mgawanyo. Kwanza hutolewa mchele, nazi, maji ya kunywa, barafu na mafuta ya ile injini ndogo ya nyuma. Kinachobaki, chombo kina fungu lake, linaloenda kwa mwenye mashua. Yeye ana lake. Mabaharia wawili wana lao. Mwekahazina, ambaye Gikomba wanamjua kwa jina, alitaka tushuke hadi arobaini. Nikamuuliza: ile ishirini unadhani itatoka wapi? Haiwezi kutoka kwa mchele, tutakula wenyewe. Haitatoka kwa mwenye chombo, hayuko hata hapa. Itatoka kwa yule kijana wa miaka kumi na tisa anayekaa mbele kuangalia miamba. Sisemi usipatane bei, Lamu watakushangaa usipopatana. Shuka kidogo, cheka kidogo, kisha acha.

Na mkubaliane jambo hili kabla ya kulipa: mkichelewa kwa ajili ya hali ya hewa, siku ya ziada ni ya nani? Sisi tulikubaliana tutanunua chakula tu. Liandikeni, hata kama ni kwa SMS.

Choo, mlioogopa kuuliza: ni ndoo, shuka la kujikinga, na kuaminiana. Dada zangu, bebeni leso mbili kila mmoja na muache uheshimiwa Nairobi. Bebeni pesa taslimu pia, maana mkishaiacha Lamu mashine za benki mnazisahau. Mkishuka Siyu au Faza mnaingia vijijini kwa watu, si ufuoni kwenye baa, kwa hivyo funika mabega na magoti na usalimie wazee kwanza. Maji bebeni kwa mitungi ya lita ishirini. Kiwayu imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi zetu. Kuna ada ya kuingia hifadhini, ulizeni imo kwenye bei au haimo. Na ulizeni usalama, Lamu yenyewe, wiki hiyo hiyo. Mpaka wa Somalia hauko mbali na Kiwayu. Septemba 2011 mtalii aliuawa huko na mkewe akatekwa. Baada ya hapo mabaharia wengi walikaa miaka bila mgeni. Nahodha wetu alizoea kupiga simu mbele kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga.

Kwenda kulikuwa kutamu, na sitakiharibu kwa maneno mengi. Samaki wa kukaanga, wali wa nazi, tanga limejaa, kimya ambacho mtu wa Thika Road hakijui. Tulifika Kiwayu jioni ya siku ya pili. Siku ya tatu tulishinda hapo. Usiku wake upepo ukabadilika sauti. Mvua ikapiga, tukalala chini ya turubai tukiwa tumebanana, na alfajiri ya Jumamosi, mizigo imefungwa, nahodha alisimama ufuoni akatazama kusini kwa muda mrefu. Akasema, "Yeo hatwendi."

Yeo ni leo, kwa Kiamu. Hata asiyejua angeelewa kwa ile sauti.

Mwekahazina hakuelewa, au alielewa akakataa. Jumatatu asubuhi alikuwa aripoti kazi mpya Westlands, mkataba wa miezi mitatu ambao angeweza kuandikwa baada yake. Alikuwa ametafuta kazi tangu mwaka uliopita. Sote tulijua, ndiyo maana hatukumcheka. Alisema injini ipo. Nahodha akamjibu kwa upole, "Injini ikizima pale katikati, mwanangu, utaiambia nini?" Akachora mchangani kwa kidole: pale visiwa vinapoachana, kabla ya kujikinga nyuma ya Pate, bahari kuu inaingia. Maji yangekuwa yanatoka wakati huo, na upepo unaingia. Vikikutana vinapigana, na mawimbi husimama. Chombo kimebeba watu tisa, na wanne hawajui kuogelea.

Mwekahazina akatoa noti tano za elfu na kuziweka juu ya boksi la barafu. Yule kijana wa mbele alizitazama. Nilimwona akizitazama, nami sitajifanya najua alichofikiri, lakini tulikuwa tumekwisha kuhesabu fungu lake na nilijua elfu tano ni nini kwake. Nahodha hakuzigusa. Alikuwa na wageni wengine wa Shela Jumatatu, Wazungu, siku tatu, na kila saa tuliyokaa ilikuwa inamla yeye pia. Alipanda kilimani kutafuta mtandao, akampigia nahodha mwenzake awachukue.

Tukapiga kura, jambo la kijinga kwa sababu haikuwa kura yetu. Wanne tulisema tukae. Mwekahazina akaniangalia mimi, si wengine, kwa kuwa ndiye tuliyesoma naye tangu kidato cha kwanza. "Wewe ni mwoga wa maji tu," akasema. Ni kweli naogopa maji. Na nilikuwa upande wa nahodha hata kama nisingeyaogopa. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna namna ya kumthibitishia mtu la pili wakati la kwanza analijua.

Karibu saa nne tuliona boti ya wavuvi, ya injini kubwa, ikitoka na kuelekea kusini. Iliruka, ikapotea, ikaonekana tena, ikapotea. Baadaye tulisikia ilifika Faza salama.

Tulitoka Jumapili, maji yalipokubali. Tulipiga bisho hadi mikono ya mabaharia ikavimba, tukalala nyuma ya Pate, na tukapita Mkanda Jumatatu asubuhi maji yakijaa, wakati ambao Mwekahazina alipaswa kuwa anapokea kadi ya kuingilia ofisini. Alikaa nyuma karibu na usukani bila kuongea. Nahodha akamwachia usukani kwa muda, akamwonyesha namna ya kulifuata rangi la maji, kijani kizito ndicho kina. Aliushika vizuri. Hakutabasamu.

Kazi ilienda. Walimwambia kwa barua pepe ya mistari miwili kwamba nafasi imejazwa. Alikaa hadi Novemba kabla ya kupata nyingine, Industrial Area, mshahara mdogo zaidi. Kuhusu ile boti ya wavuvi ameiongelea mara nyingi, na kila mara huwa imefika Faza mapema kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mama naye humtumia nahodha salamu za Idi.

Kwa hiyo mkiniuliza ni ngapi: sisi elfu kumi kila mtu, na elfu moja mia mbili za chakula cha siku ya ziada, mbali na nauli. Wekeni siku mbili tupu kati ya kushuka chomboni na chochote kinachowangoja Nairobi. Mwekahazina ameweka kwenye kikundi tarehe za Februari. Anataka boti ya injini safari hii. Nimemtumia nambari ya nahodha yule yule, ameisoma, hajajibu.