Milango ya Kyaka

Barabara itokayo Bukoba kwenda Mutukula huteremka hadi Mto Kagera, na hapo Kyaka ndipo daraja lilipo. Maji ni mekundu kwa udongo, yanakwenda kwa nguvu. Malori ya Uganda hupunguza mwendo, huvuka, kisha hupandisha mlima. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaliingia Tanzania, na siku chache baadaye yakalilipua daraja lililokuwapo. Amin alitangaza kwamba ardhi yote hadi mtoni ni mali ya Uganda.

Fundi ninayemwandika amekwisha kuzikwa. Alikuwa seremala na mwanamgambo. Akaitwa kama maelfu ya wakulima, walimu na mafundi wengine, akaenda na jeshi letu hadi Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Karakana yake ingali ikifanya kazi ng'ambo ya mto, chini ya mabati yaliyoshika kutu. Nilikuta vijana wawili wakipiga randa ubao wa musizi, maranda yamewafika vifundoni.

"Ungemuuliza Mzee habari za vita, angekujibu habari za mbao," aliniambia mwanafunzi wake wa kwanza, ambaye sasa naye ana mvi. "Ya Uganda alitusimulia mawili tu: mvua, na kutembea."

Maana kazi iliyomsubiri nyumbani ilikuwa kubwa. Wavamizi waliua raia, wakaswaga ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari cha Kagera. Wakang'oa hata mabati, milango na fremu za madirisha. Wenyeji waliokuwa wamekimbilia kusini mwa mto walirudi kwenye kuta tupu. Mtu aliyetoka vitani na vidole vyake vyote alikuwa na la kufanya.

Miaka ile baada ya vita bidhaa ziliadimika nchi nzima, misumari ikawa ya kutafutwa kama sabuni. Mzee akaunga fremu zake bila msumari: tundu kwa patasi, ulimi wa kuingia humo, kisha kigingi cha mti mgumu cha kukaza. Nilionyeshwa mlango mmojawapo katika nyumba ya bibi mjane jirani na karakana. Nikausukuma, nikautikisa, haukulegea popote. "Nilimlipa kwa mikungu ya ndizi," bibi akasema, "na kahawa ilipoiva nikammalizia. Hakunidai hata siku moja."

Wenzake waliouawa vitani na kuzikwa Kaboya, wilayani Muleba, wana makaburi yanayotunzwa, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Ni haki yao, na isipungue. Mimi naona tunawiwa pia na hawa waliovua sare wakashika randa bila kupumzika. Eneo hili la ng'ambo ya mto lilikombolewa kwa bunduki, lakini watu hawakuweza kulala humo mpaka fundi apite.

Kila mlango alioutengeneza baada ya vita aliutia komeo la mti kwa ndani, nene kama mkono wa mtu mzima, mteja aombe asiombe. Vijana wake wanaendelea hivyo hivyo. Siku ile mteja mmoja alikuja kuagiza mlango wa kitasa cha kisasa, akauliza komeo la nini. Yule mwanafunzi akampimia mlango, akamtajia bei, akamwambia komeo halina malipo.