Hesabu ya Kurudi

Watu wengi hudhani kwamba kuchagua kitu cha kununua ni kazi ya macho na mfuko: macho hupenda, mfuko hulipa, na shauri likaisha. Mimi nami niliamini hivyo, ijapokuwa ni mwalimu wa hesabu na sayansi, na ijapokuwa kila siku nawaonya wanafunzi wangu wasiandike jibu kabla ya kulisoma swali lote. Siku moja niliandika jibu kabla ya kulisoma swali, na kosa langu halikusahihishwa kwa wino mwekundu. Lilisahihishwa na upepo, katikati ya maji, na waliolipia walikuwa watu wawili niwapendao.

Nakaa Kiminini, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye na Bungoma. Hapa petu ni nchi ya mahindi, maharagwe na ng'ombe wa maziwa. Mtu aweza kuzaliwa, akaoa na akazeeka asikanyage mashua. Lakini mto Nzoia, upatao maji yake katika milima ya Cherangani na Elgon, hupita katika nchi yetu na kuteremka mpaka Ziwa Viktoria, karibu na Port Victoria, huko Bunyala. Huko ndiko alikozaliwa mama yangu, na huko ndiko aliko mjomba wangu, mvuvi. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, karo yangu ilitoka katika nyavu zake. Kila muhula ulipokaribia alifika nyumbani na ngege waliokaushwa, na fedha zilizofungwa katika kitambaa, wala hakuniuliza neno illa matokeo ya mtihani.

Sasa mjomba amepita umri wa miaka 60. Mashua yake ni ya mbao, urefu wake mita 5, nayo huendeshwa kwa makasia yeye akiwa na mwanawe wa mwisho. Mwaka juzi mabega yake yalianza kukataa kazi. Alikuwa akirudi ufukoni huinui mkono wake wa kuume kwa msaada wa ule wa kushoto. Nilipomwona hivyo nilikumbuka karo, nikaona haya. Nikamwambia, "Mjomba, pumzika sasa." Akanijibu, "Mpwa wangu, mvuvi hapumziki. Huachwa na ziwa." Basi nikaazimia kumnunulia mota.

Injini ya petroli sikuitaka. Wavuvi wa ziwa letu wengi hutumia injini ya nguvu za farasi 15 au zaidi, nayo inawafaa wenye mashua kubwa wanaofuata mbuta mbali. Kwa mashua ya mita 5, inayotega nyavu kilomita 4 tu kutoka ufukoni, injini ya namna hiyo ingekula petroli mpaka samaki wakawa mali ya mwenye kuuza mafuta. Nikawa nimepata kusikia habari za Mbita, katika Homa Bay, ambako mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo cha kuwatilia wavuvi umeme wa jua katika taa zao za usiku, ili waziache taa za mafuta. Na kwamba katika miaka ya karibuni mota za umeme nazo zimejaribiwa katika mashua za upande huo. Nikasema moyoni: ikiwa umeme waweza kumulika dagaa, waweza pia kumsukuma mvuvi.

Mtu akidhani kuwa mota ya umeme katika mashua ni jambo la jana, amekosea. Mwaka 1838, Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa umeme katika mto Neva, mjini St. Petersburg, huko Urusi. Mwaka 1881, Gustave Trouvé, Mfaransa, alitengeneza mota ndogo ya kufungwa nyuma ya mashua na kufunguliwa tena, akaiendesha katika mto Seine mjini Paris. Injini ya petroli ya Ole Evinrude wa Marekani, iliyoenea duniani, ilikuja baadaye, mwaka 1909. Umeme basi ulitangulia. Kilichouchelewesha hakikuwa mota; kilikuwa betri. Laiti ningalilitafakari neno hilo moja kabla ya kufungua mfuko wangu!

Nilichukua mkopo katika chama cha akiba, nikaanza kuzisoma karatasi za wauzaji. Nguvu za mota hizi ndogo hazihesabiwi kwa farasi bali kwa ratili za msukumo. Kanuni ya wenye kazi ni kwamba kila ratili 100 za uzito wa mashua na vilivyomo zataka angalau ratili 2 za msukumo. Mashua ya mjomba, pamoja na watu wawili, nyavu na samaki, nilikisia kuwa ni kilo 400, yaani karibu ratili 880. Hiyo yahitaji ratili 18 katika maji yaliyotulia. Kwa sababu ziwa halitulii kwa kumhurumia mwalimu, niliongeza mara tatu, nikachagua mota ya ratili 55. Niliuangalia pia urefu wa mti wake, kwa maana mti ukiwa mfupi, wimbi huinua rafadha ikazunguka hewani bure. Mpaka hapo sikukosea.

Kosa lilikuja kwenye betri. Mota ile, ikiendeshwa kwa nguvu zake zote, hula ampea 50 kwa volti 12, yaani wati 600, ambazo hazifiki hata nguvu ya farasi mmoja. Nilinunua betri moja ya risasi na tindikali iliyoandikwa "100" ubavuni. Nikachukua kalamu: 100 gawanya kwa 50 ni 2. Saa mbili! Mota ikienda kilomita 7 kwa saa, mashua itakwenda kilomita 14. Na safari ya mjomba, kwenda na kurudi, ni kilomita 8. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani wa kwanza. Nikaipeleka Port Victoria, nikaifunga, tukaijaribu karibu na ufuko, na watoto wakashangilia kwa sababu ilikwenda bila moshi wala kelele. Mjomba alipoyachukua makasia ayatie mashuani, mimi nilicheka nikasema, "Mjomba, hayo yaache nyumbani. Kazi yake imekwisha." Alinitazama kitambo, kisha akayaegemeza ukutani. Aliniheshimu kwa sababu ni mwalimu. Heshima ile bado inaniuma.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, walitoka yeye na mwanawe. Mimi nilibaki ufukoni nikingoja. Saa mbili ya asubuhi ikapita, saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Mama mkwe wa mjomba, ajuza asiyeona vizuri, aliniuliza mara tatu kama nimewaona, nami mara tatu nilijibu kwamba wako karibu, ilhali sikuona kitu juu ya maji illa jua. Mke wa mjomba hakuniuliza lolote. Alikwenda akayashika makasia yaliyoegemezwa ukutani, akayaleta, akayalaza mchangani mbele yangu, kisha akarudi jikoni. Katika maisha yangu yote sijapata kukemewa kwa maneno makali kama ukimya ule.

Yaliyotokea huko niliyasikia baadaye. Alfajiri, upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani, kwa kuwa nchi hupoa usiku kupita maji. Upepo huo uliwasukuma, na kijana, kwa utamu wa mwendo, akaifungulia mota mpaka mwisho. Walifika penye nyavu kwa muda wa dakika 35, wakafurahi. Walizungukia nyavu kwa dakika 10. Walipogeuza omo kurudi nyumbani, upepo ule ule uliowabeba ukawapiga usoni, na mwendo ukapungua ukawa kilomita 4 kwa saa. Baada ya nusu saa mota ilianza kunung'unika kama mgonjwa, kisha ikanyamaa. Walikuwa bado kilomita 2 kutoka ufukoni, hawana kasia, na upepo ukawarudisha polepole kwenye maji makuu.

Kijana alitaka kuruka aogelee kutafuta msaada. Mjomba alimkataza. Aling'oa ubao wa sakafu ya mashua, akaufanya kasia la kushikia omo upande wa mawimbi, akatumbukiza jiwe la nyavu kwa kamba ili liwapunguzie mwendo, kisha akaketi. "Tungoje," alisema. "Jua likipanda, nchi itapata moto kuliko maji, na ziwa litavuta pumzi kuelekea nyumbani." Mambo hayo hayo nimeyafundisha ubaoni mara nyingi, kwa mishale ya chaki nyeupe na nyekundu. Yeye hakuyasoma popote, lakini ndiye aliyeyategemea siku ile kwa uhai wake. Saa sita ya mchana upepo uligeuka. Walitandaza turubali lililofunika nyavu, mmoja akishika pembe hii na mmoja pembe hii, na saa nane nikaiona mashua ikija kama bibi arusi, pole pole, na mota imening'inia nyuma kama pambo.

Aliposhuka, mjomba hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, hesabu yako ilikuwa ya kwenda. Wapi ile ya kurudi?"

Nilirudi Kiminini na betri ile, na kwa juma zima sikulala vizuri. Niliisoma tena karatasi yake, safari hii mpaka herufi ndogo za chini, nikaona niliyoyaruka. Ile "100" ilipimwa kwa saa 20, yaani betri ikitoa ampea 5 tu muda wote huo. Betri ya risasi ikilazimishwa kutoa ampea 50, haitoi zote 100 bali hupungukiwa sana. Tena si vyema kuitumia kupita nusu ya akiba yake, kwa maana kila ikikaushwa umri wake unafupika. Basi saa zangu mbili zilikuwa saa moja na kitu, na kilomita zangu 14 zilikuwa 7, wakati safari ni 8. Wala hesabu hiyo haikuwa na upepo ndani yake.

Kisha nikakumbuka jambo jingine nililofundishwa chuoni. Nguvu zinazotakiwa kuisukuma mashua majini hazipandi sawasawa na mwendo. Hukaribia kupanda kwa mchemraba wake. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huzidi kama mara nane. Kinyume chake ni baraka: mota ile ikienda kilomita 5 kwa saa badala ya 7, haihitaji ampea 50 bali karibu 18 tu. Nusu ya betri yatosha hapo kwa zaidi ya saa mbili na nusu, nayo ni kilomita 13 katika hewa tulivu. Betri ni ile ile, mota ni ile ile, mashua ni ile ile. Tofauti ni mkono wa mwendeshaji. Wazee waliosema kwamba mwenda pole hajikwai hawakuwa na mota, lakini hesabu yao ilikuwa sahihi kuliko yangu.

Nilirudi Port Victoria na daftari, nikaketi na mjomba chini ya mti, safari hii mimi nikiwa mwanafunzi. Aliniambia miezi ya pepo mbaya, na mahali ambapo magugu maji hukusanyika na kuizonga rafadha. Tukaafikiana sheria tatu. Ya kwanza: theluthi moja ya nguvu ni ya kwenda, theluthi moja ni ya kurudi, na theluthi ya mwisho ni mali ya upepo, haiguswi. Ya pili: mwendo ni wa kilomita 5, hata kama kijana wa mashua ya jirani anacheka. Ya tatu: makasia hayaachwi ufukoni kamwe.

Mkopo wa kwanza ulipokwisha, tulinunua betri ya pili. Hapo nilisoma swali lote. Betri za motokari ni rahisi, lakini zimetengenezwa ili kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Kuzitumia kutwa ni kuziua. Betri ya lithiamu ni ghali, lakini yaweza kutumika zaidi ya nusu bila kudhurika, huishi miaka mingi zaidi, na uzito wake haufiki nusu ya ile ya risasi. Mabega ya mjomba ndiyo yaliyoamua: betri ya risasi ya kilo karibu 30 huwezi kumpa mzee aipandishe ufukoni kila siku. Tulichukua ya lithiamu, na kibao cha umeme wa jua cha wati 200 juu ya bati la nyumba, na fyuzi kati ya betri na mota.

Mjomba angali anavua. Mkono wake wa kuume sasa waweza kuinua kikombe cha chai bila msaada. Makasia yamo mashuani, yamelazwa ubavuni, na hupakwa mafuta kila mwezi, ijapokuwa aghalabu hayaguswi maji.

Nanyi wasomaji vijana, mtachagua vitu vingi maishani, vingine vikubwa kuliko mota: kazi, marafiki, deni, mchumba. Muuzaji wa kila kitu atawaambia kina nguvu gani na kitawafikisha wapi. Yasikilizeni, kisha mwulizeni lile ambalo mvuvi wa Bunyala aliniuliza mimi, mwalimu wa hesabu, nikakosa jibu.