Motokaa Zilizobaki

Kila mtu ana jambo dogo ambalo akili yake huliendea wakati haikutumwa popote. Mmoja huhesabu ndege, mwingine hukusanya stempu, na wa tatu hukaa barazani akataja nasaba za watu ambao yeye mwenyewe hakuwaona. Jambo langu mimi ni motokaa. Sisemi motokaa mpya, maana hizo zina watazamaji wengi wala hazinihitaji. Nasema zile ambazo rika lake limekwisha kutoweka barabarani, zikabaki moja hapa na moja kule, kama wazee wa mwisho wa mtaa. Nikiiona mojawapo husimama, hata nikiwa na haraka, na moyo wangu hufurahi kwa furaha ambayo nimeshindwa kuwaeleza wengi. Leo nataka kuieleza, pamoja na kosa nililolifanya ndani yake kwa miaka ishirini.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kivuko. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, gari lililotoka Mombasa kwenda Malindi lilivushwa maji kwa feri, na kuvushwa kulitaka subira. Baba yangu alikuwa dereva wa abiria katika njia hiyo. Siku za likizo alinichukua, nami niliketi karibu naye tukingoja zamu. Mtoto anayengoja hutafuta mchezo, na mchezo wetu ulikuwa huu: mimi nilifumba macho, gari likaja nyuma yetu, nami nikataja aina yake kwa mlio. Nikipatia, baba alininunulia muhogo wa kuchoma. Nikikosa, alisema, "Sikiliza tena, mwanangu. Gari halisemi uongo, ila sikio huwa na haraka."

Gari letu lilikuwa Peugeot 404 ya safu tatu za viti. Aina hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1960 huko Ufaransa, na umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Ilikuwa na taa za mbele zenye utulivu kama macho ya mtu mpole, na mtambo uliolazwa kwa upande ili boneti iwe chini. Gia yake ilikuwa juu, kwenye shina la usukani. Watu wa Afrika ya Mashariki waliijua kwa sababu nyingine pia. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, Peugeot 404 ilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka wa kwanza na wa mwisho wa hiyo minne, matope yalikuwa mengi hata magari 7 tu yalifika mwisho, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff. Baba alizitaja habari hizo kama mtu atajaye sifa za ukoo wake, ingawa yeye hakushindana na mtu yeyote isipokuwa saa.

Mwaka 1986 nilichaguliwa kuingia shule ya sekondari ya bweni, na karo haikuwapo. Baba aliondoka na gari asubuhi, akarudi kwa miguu alasiri. Hakusema neno. Aliweka fedha juu ya meza, akatawadha, akasali. Tangu siku ile aliendesha magari ya watu wengine mpaka macho yake yalipomkataa. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, na elimu yangu yote imesimama juu ya magurudumu manne ambayo sikuyalipia.

Miaka mitatu baadaye Kenya ilibadili namba za magari. Hadi 1989 namba ilikuwa na herufi tatu na tarakimu zisizozidi tatu. Kuanzia hapo herufi ya nne ilitiwa mwishoni. Jambo hilo lilionekana dogo, walakini kwangu lilikuwa kubwa. Lilizifanya motokaa za zamani kuwa kabila lililofungwa mlango: hapana iliyoweza kuzaliwa tena, na kila iliyokufa ilipunguza hesabu. Nilinunua daftari. Ukurasa wa kwanza niliandika methali ya wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari, kisha nikaanza kuandika kila gari kongwe nililoliona likienda kwa nguvu zake lenyewe: aina, rangi, namba, mahali na siku. Siri ya daftari lile ilikuwa moja. Nilitumaini kwamba siku moja nitaandika ndani yake namba ya gari la baba.

Mtazamaji wa mambo haya hujifunza alama. Ford Anglia ya 1959 mpaka 1967 huijua kwa kioo cha nyuma, ambacho huinama kuelekea ndani kinyume cha vioo vya magari mengine. Morris Minor, iliyotolewa London mwaka 1948 na iliyobuniwa na Alec Issigonis, aliyekuja kubuni Mini baadaye, huijua kwa mabega yake ya mviringo. Volkswagen yenye mgongo wa kobe huijua kwa mlio wa mtambo ulio nyuma, unaopozwa kwa upepo badala ya maji. Gari hilo liliundwa kwa muda mrefu hata la mwisho lilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, baada ya mengine zaidi ya milioni 21. Land Rover za kwanza, zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, zilivishwa bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Dhiki ile imekuwa baraka kwa watu wa pwani: bodi haili kutu. Walakini chesi yake ni ya chuma, na hewa ya chumvi huitafuna polepole kwa chini mahali pasipoonekana.

Niliandika pia sababu za kutoweka. Nilitaja chumvi ya bahari. Nilitaja vipuri visivyoletwa tena. Nilitaja magari yaliyokwisha kutumika Japani, ambayo yalimiminika bandarini katika miaka ya 1990, yakawa rahisi kununua kuliko yale ya zamani kutengeneza. Nilitaja wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao mizani yao haitofautishi gari na sufuria. Nilijiona nimemaliza hesabu. Kumbe sababu iliyo kuu sikuwa nimeiandika, kwa kuwa haikuandikwa juu ya namba ya gari.

Asubuhi moja ya mwaka 2009 nilikuwa Likoni nikingoja feri. Nilisikia kabla ya kuona. Nyuma ya mabasi na mikokoteni palikuwa na mlio nilioujua kama mtu ajuavyo kikohozi cha mzazi wake. Niligeuka, nikakimbia katikati ya watu. Ilikuwa Peugeot 404 ya safu tatu, viti vya nyuma vimeng'olewa na mahali pake pamejaa nazi. Rangi ilikuwa imekwisha, taa moja ilikuwa ya gari jingine, walakini ilikwenda. Niliinama kutazama namba. Haikuwa yetu. Niliandika aina, rangi, namba, mahali na siku, kisha feri ikafungua mlango, gari likaingia, na mimi nikabaki na kalamu mkononi.

Jioni nilikwenda kumwambia baba, ambaye wakati ule hakuona tena. Alifurahi, akakaa kitako vizuri kitandani.

"Aliyeiendesha ni nani?" aliuliza.

"Sikumtazama, baba."

"Na fundi wake?"

"Sikuuliza."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nilete daftari nimsomee. Nilimsomea mpaka usiku. Morris ya Majengo, 1992. Anglia ya Changamwe, 1995. Land Rover ya Kwale, 1998. Kila nilipomaliza mstari mmoja aliuliza neno lile lile: nani? Na kila mara sikuwa na jawabu. Mwisho alinishika mkono akasema, "Mwanangu, umehesabu punda, hukuhesabu waliowanywesha maji." Hakusema kwa ukali. Lakini maneno yasiyo na ukali aghalabu huingia ndani zaidi, nami sikulala usiku ule.

Kesho yake nilianza kutafuta kwa njia nyingine. Sikutafuta gari, nilitafuta mtu. Nilikwenda Mwembe Tayari kwa fundi aliyelitunza gari la baba nilipokuwa mtoto, ambaye nilikuwa nikimwita ami. Nilimkuta chini ya mwarubaini, ameketi juu ya tairi, mikono inamtetemeka, mjukuu wake anamtilia chai. Nilimwamkia, akanijua kwa sauti. Nilipomtajia gari la nazi alicheka.

"Lile ni langu," alisema. "Si kwa kumiliki. Kwa kuliweka hai."

Akanieleza. Gasketi alizikata mwenyewe kwa mkasi. Shafti aliichonga kwa tupa. Kisha akafika kwenye difu. Katika Peugeot ya aina ile nguvu ya mtambo hupelekwa kwenye magurudumu ya nyuma kwa parafujo ya chuma inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Kazi hiyo ni ya kimya na ya kudumu, lakini meno yakiisha hapana dukani pa kuyapata. Meno ya gari la nazi yaliisha, naye alizunguka yadi za vyuma chakavu mpaka akakuta gari la aina ile limekatwa katikati. "Nililitambua kwa mkono," alisema. "Palikuwa na nati niliyoifunga mimi mwenyewe, nimeitia alama ya patasi. Lilikuwa gari la baba yako. Nikaitoa difu, nikaitia kwenye lile jingine. Inakwenda mpaka leo."

Nilitazama chini ili asione macho yangu, ingawa hakuwa mtu wa kumwaibisha mwenzake. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikitafuta namba. Na gari la baba lilikuwa likipita Likoni na namba ya mwingine, likibeba nazi, nami nilikuwa nimesimama karibu nalo kwa mkono mmoja nisilitambue.

Mwenye gari, mkulima wa Kwale, alikubali kwa ukarimu kupita nyumbani kwetu. Tulimtoa baba, tukamketisha mbele. Gari lilikwenda mpaka Makupa na kurudi. Baba hakusema lolote njiani. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea nyuma, akisikiliza. Tulipofika aliteremka, akapapasa ubavu wa gari mpaka juu ya gurudumu la nyuma, akaupiga kofi dogo kama mtu anavyompiga punda mwema. "Amefanya kazi safi, fundi," alisema. Hakulisifu gari. Alifariki miaka miwili baadaye.

Fundi alifariki mwaka 2013. Mwezi wa nne baada ya maziko yake gari la nazi lilisimama. Ubovu wake, nilivyoambiwa, haukuwa mkubwa. Lakini waliolifungua hawakujua kulifunga, na mjukuu alikuwa amekwisha kwenda kutafuta kazi nyingine, kwa kuwa hakuna aliyemlipa kujifunza mambo ya kale. Sasa liko chini ya mwembe, kuku wanataga ndani yake. Chumvi haikuliua. Wala Japani haikuliua. Lilikufa siku ulipokufa mkono uliolijua.

Nayasema haya nikijua kwamba kuna watu wanaozihifadhi motokaa kongwe kwa fedha nyingi. Tangu mwaka 2003 Kenya imekuwa na mashindano ya Safari ya magari ya zamani, na mengine huletwa kwa meli yaking'aa kama yalivyotoka kiwandani. Nimekwenda kuyatazama, nami nimeyapenda. Lakini gari linalokaa katika banda na kutolewa siku ya sherehe limehifadhiwa na mali. Gari lililobeba nazi kwa miaka arobaini limehifadhiwa na maarifa, tena maarifa ya watu ambao hapana kitabu kilichowataja. La kwanza likiharibika, mali italifufua. La pili likisimama, limesimama.

Kwa hiyo nimepiga mistari mipya katika daftari langu. Baada ya aina, rangi, namba, mahali na siku, pana nafasi mbili: dereva na fundi. Kazi imekuwa nzito zaidi, kwa maana sasa siwezi kuandika kwa mbali. Lazima nivuke barabara, niamkie, niulize, ningoje jawabu, pengine ninywe chai ambayo sikuikusudia. Magari ninayoyaandika kwa mwaka yamepungua. Mengine kwa sababu yametoweka, mengine kwa sababu moja hunichukua asubuhi nzima. Sijuti. Mafundi hunipa pia maneno, majina ya vyuma na ya magonjwa ya vyuma, ambayo sijayakuta katika kamusi yoyote niliyo nayo, nami huyaandika pembeni kwa faida ya wanafunzi watakaoyataka.

Wiki iliyopita niliona Morris Minor karibu na soko la Kongowea. Nilisimama, kama kawaida yangu. Kisha nilifunga daftari, nikaenda kwenye dirisha la dereva, mama mmoja wa makamo, nikamwambia, "Hujambo, mama. Naomba unielekeze kwa fundi wako."

Alinitazama sana kabla ya kujibu. "Mwahi," alisema. "Anaumwa."